Kura ya Kuazima

"Nne!" baba alisema tena, kana kwamba ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu ambaye bado hajasikia. "Foleni ilizunguka shule nzima, na katika chumba chetu cha kura Kengele ikapata nne. Baba, mama, shangazi, binti. Nyumba yangu haikuvuja hata tone."

Indi alikuwa anapiga pasi kitambaa cha meza. Aliposikia neno binti mkono ukamganda, na harufu ya nguo inayotaka kuungua ikaanza kupanda.

"Wewe! Pasi hiyo!" mama alimpigia kelele kutoka jikoni. "Wageni wanakuja kuomba uchumba au kuzima moto?"

Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu. Shangazi, dada wa baba, alikuwa mtu wa kucheka kwanza na kuuliza baadaye. Siku ya kupiga kura nusura afukuzwe kituoni kwa kutaka kuwaonyesha wasimamizi karatasi yake, waone wenyewe kwamba amempa kaka yake.

Baba alikuwa mwalimu wa udereva. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu Breki, kwa sababu gari lake la kufundishia lilikuwa na breki ya pili upande wake, na miaka yote ile ya kukaa karibu na watu wasiojua kuendesha ilimwachia ugonjwa: hata sebuleni, mtu akizungumza kwa kasi, mguu wake ulikanyaga sakafu. Naye alimpa binti yake jina la Indiketa tangu akiwa mdogo, maana uso wa binti ulitangaza jambo kabla hajalifanya. Watu wakalifupisha, likabaki Indi. Tatizo la baba ni kwamba alitoa jina zuri kisha akaacha kuutazama uso wenyewe.

Uchaguzi wa jimbo ulikuwa na vyama vitatu vya kutajika. Saa walikuwa madarakani na walitaka kubaki. Ngazi walikuwa wamebakiza hatua chache kuwang'oa. Halafu Kengele, chama cha Mwalimu Breki, chenye historia ndefu na wanachama wa kutosha kujaza basi moja. Wenzake wote wa ujanani walishakimbilia kwingine. Yeye alibaki, akagombea kiti cha Baraza la Jimbo, akajichorea mwenyewe kengele kwenye ukuta wa shule yake ya udereva, na kengele hiyo ikatoka kama glasi iliyopinduliwa. Angeweza kumwomba Brashi, mchoraji wa mabango, amchoree kwa dakika kumi. Lakini Brashi alikuwa mtu wa Ngazi. Na kibaya zaidi, Brashi alikuwa anampenda Indi.

"Mimi sigombei kushinda," baba aliwaambia mezani usiku wa kuamkia kura. "Najua nitashindwa. Ninachoomba ni kimoja tu: za nyumbani ziwe za nyumbani. Nikipita njiani watu wakinicheka, nijue nikifika hapa kuna watatu waliojua naanguka na bado wakanishika mkono."

Wote waliitikia ndiyo. Indi aliitikia pia, na alipoitikia alikuwa anasema kweli. Wakati huo alidhani nafsi yake ni moja.

Sasa matokeo yalikuwa yametoka. Saa wamerudi, kwa tofauti ndogo mno, na mtaa wote ulikuwa unawalaani Kengele kwa kugawa kura. Baba alikuwa anayabeba hayo mabegani kama mzigo, ila neno moja lilimpa nguvu ya kunyoosha shingo: nne. Na Indi, kila akilisikia, roho ilimruka. Kwa sababu yeye hakumpigia baba yake.

Hiyo nne ilitoka wapi?

* * *

Turudi nyuma kidogo, kwenye duka la mapazia la Indi, jioni ileile kabla baba hajasema maneno yake mezani.

Brashi alikuwa amempandishia fimbo ya pazia juu ya dirisha la maonyesho. Mikono yake ilikuwa na rangi ya buluu ya Ngazi mpaka kwenye viwiko. Indi alikuwa anamtazama mgongo, na alipogeuka akajifanya anahesabu pete za pazia. Wote wawili walijua anajifanya. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao msimu mzima wa kampeni: kutazamana nyuma ya vitambaa.

"Niazime kura yako," Brashi alisema ghafla. "Mara hii tu. Uchaguzi ujao nakurudishia."

"Kura si mwavuli wa kuazimana."

"Indi, mzee hawezi kushinda. Yeye mwenyewe anajua. Kila kura ya Kengele ni kura ya Saa iliyovaa kanzu nyingine."

"Huyo unayemwita mzee ni baba yangu."

"Na ile nyumba yenye alama nyekundu ukutani ni ya mama yangu." Sauti yake haikupanda, ikashuka. "Saa wakirudi, barabara inapita sebuleni kwake. Kila asubuhi anaipaka chokaa ile alama, na kila wiki wanakuja kuichora upya. Mimi ni mchoraji, na hiyo ndiyo rangi pekee ninayoiogopa."

Indi alikaa juu ya robota la kitambaa. Alikuwa akimpenda mama yule, mwanamke wa maneno machache aliyemwita mkwe kabla ya mtu yeyote kuthubutu. Machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

"Unanifanya nichague kati yako na baba."

"Mimi? Hapana." Brashi alishuka kwenye kiti alichopandia, akafuta mikono kwenye suruali, akataka kumgusa bega na akakumbuka rangi. "Hapana, usilie. Yaishe. Sikulazimishi tena. Kesho nitaazima kura, tuyamalize."

Akatoka, akamwacha na maneno hayo.

Sasa, neno azima lina ubaya wake. Anayetoa anaazima, na anayechukua naye anaazima. Mtu akikwambia ameazima sufuria, inabidi uchungulie jikoni kwake ujue ni yake au ya jirani. Indi alisikia alichokuwa anaogopa kukisikia: kwamba Brashi hajaacha, kesho anaichukua kura yake, na akinyimwa, ndio mwisho wao. Usiku kucha aligeuka kitandani. Asubuhi, ndani ya kibanda, alisimama mpaka msimamizi akakohoa. Aliitazama kengele. Akaitazama ngazi. Akaiona ile alama nyekundu, na mama yule na ndoo yake ya chokaa. Akaweka tiki kwenye ngazi, akakunja karatasi na kutoka na wino kidoleni, akimkwepa baba yake aliyekuwa anamsubiri getini akitabasamu.

* * *

Wageni walifika saa kumi, wawili tu: Brashi na mjomba wake, fundi wa saa.

"Fundi saa?" baba aliuliza akimpa mkono. "Natumaini ni saa za mkononi tu, si za madarakani."

"Za mkononi na za ukutani, mzee mwenzangu," mjomba alijibu. "Hizo nyingine zimenishinda kurekebisha."

Wakacheka, na Indi aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango wa ukumbini akashusha pumzi. Labda itakwenda vizuri. Brashi alimwamkia baba, akapokewa marahaba ya baridi, kisha akaomba kunawa mikono. Mama akamwelekeza bombani, uani. Indi akachukua taulo na kumfuata, na shangazi akamkonyeza kwa jicho ambalo hata mgeni angeliona.

Brashi alikuwa amevaa shati jeupe. Kucha zake zilikuwa safi, jambo ambalo Indi hakuwahi kuliona, na likamuumiza kwa utamu.

"Umependeza," alimwambia.

"Nimejisugua na mafuta ya taa mpaka ngozi inaniwaka." Akatabasamu. "Baba yako ananiangalia kama gari lisilo na namba."

"Ana furaha leo. Anaimba nne tangu asubuhi."

"Nimesikia. Mpe hongera."

Indi akasogea. "Ndicho kinachonichanganya. Nne zimetimiaje? Mimi yangu si nilikupa wewe?"

Brashi aliacha kunawa. Maji yakaendelea kumwagika. "Ulinipa nini?"

"Kura. Si ulisema utaazima?"

"Nilisema nitaazima. Nikaazima." Alimtazama kama anayemwona kwa mbali na hana hakika ni yeye. "Nilimpa baba yako, Indi, kwenye chumba kilekile chenu. Niliona unalia. Nikasema huyu siwezi kumpokonya baba, acha yangu ndiyo iende kwake. Ningekuja kukaa sebuleni kwake vipi, siku jina lake lilikuwa mbele yangu nikalipita?"

"Ya kwako... ulimpa baba?"

"Na wewe ukampa Ngazi?"

"Nilimpa mama yako."

Walisimama pale wakitazamana, maji yakilowesha viatu vya mgeni. Kisha Brashi akacheka, kicheko kidogo kisicho na sauti. "Kwa hiyo kila mtu angebaki na yake, hesabu ingekuwa ileile."

"Hesabu, ndiyo." Indi alimpenda wakati ule kuliko siku zote, na aliogopa kuliko siku zote. "Nitamwambia baba."

"Utaweza?"

"Nitaweza. Akijua ulichofanya, hatakuwa na la kusema."

"Atajua na ulichofanya wewe."

"Nimesema nitaweza."

Brashi alichukua taulo, na chini ya taulo vidole vyao vikashikana, mpaka shangazi alipoita kutoka ndani kwamba bomba lile halinawishi jeshi.

* * *

Mjomba alizungumza vizuri. Alisema kijana wao ana kazi, hanywi, na moyo wake umekwama katika nyumba hii kwa muda mrefu. Mama alikubali kwa macho kabla sentensi haijaisha. Baba alisikiliza, na mguu wake ulikuwa umetulia sakafuni, dalili nzuri. Halafu akaweka kikombe chini.

"Mimi kijana sina ugomvi na kazi yake," alisema. "Anachora mabango ya Ngazi, ni riziki. Wala siulizi kadi ya chama. Ila nina jambo moja." Akamgeukia Brashi. "Nimechekwa mji mzima. Watu niliowafundisha kushika usukani wananiambia nimewarudishia Saa madarakani. Walionifuta machozi ni watatu, wa nyumba hii, na mimi wa nne. Walijua naanguka na wakanipa. Sasa wewe unataka kuwa wa tano. Nakuuliza kama mwanangu: siku ile, jina langu liko mbele yako, na binti yangu yuko moyoni mwako, ulimpa nani?"

Mjomba akamgeukia Brashi.

Brashi hakumtazama baba. Alimtazama Indi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni karibu na mama. Yalikuwa macho ya mtu aliyefungua mlango na kusimama kando ili mwenziwe atangulie. Indi aliyaelewa. Hakuna mwingine mle ndani aliyeyaelewa, lakini yeye aliyaelewa yote.

"Kura ni siri, baba," Brashi alisema.

"Jibu mzee, mwanangu," mjomba alimhimiza.

"Ni siri, mjomba."

Bado alikuwa anamtazama. Indi akapiga moyo konde. Akafungua mdomo.

"Baba..."

"Naam, mama?" Baba alimgeukia na uso wote uking'aa. Ule uso aliokuwa nao getini mwa shule, siku ile, akimsubiri atoke. Uso wa mtu mwenye nne.

Macho yake yakaangukia birika.

"Niwaongezee chai?"

"Waongezee, mama, waongezee," baba alisema kwa upole. Alipomgeukia tena Brashi upole ulikuwa umebaki uleule, na ndiyo maana uliumiza. "Nimeshaelewa, kijana. Hukutaka kunidanganya, nakuheshimu kwa hilo. Lakini mtu aliyeshindwa kunipa kura moja, ya kupotea, nitampa vipi mtoto wangu wa pekee? Mtanisamehe, fundi. Moyo wangu haujakubali."

Mjomba alijaribu. Mama alijaribu, akasema kura na ndoa wapi na wapi. Hata shangazi, aliyekuwa amesahau kucheka, alisema kaka unakosea. Indi alikuwa amesimama na birika mkononi, akimimina kwenye kikombe cha Brashi ambacho kilikuwa bado kimejaa. Chai ilifurika kwenye sahani, ikashuka mezani. Brashi alimshika mkono taratibu na kuuinua.

"Inatosha," alimwambia.

Kisha akasimama, akaaga kila mtu, akampa baba mkono kwa heshima kama alivyoingia. Mjomba akafuata, akiwa bado na swali usoni. Gari lao liliwaka kwa shida, likaondoka.

Indi alihesabu vikombe vilivyobaki mezani bila kujua anachohesabu. Baba alimpita, akamshika kichwa kama alivyokuwa akimshika akiwa mdogo.

"Usinune, mama. Wewe hukuniangusha. Nitakumbuka hilo mpaka nakufa."

Hapo ndipo alipovunjika. Kama baba angemfokea, labda angenyamaza milele. Shukrani ndiyo iliyomshinda.

"Nilikuangusha, baba."

"Unasemaje?"

"Sikukupigia. Niliwapa Ngazi. Ile ya nne si yangu, ni ya Brashi. Alikupa yake, na ameondoka bila kusema kwa sababu angesema, mngejua kwamba yangu haimo."

Mama aliketi. Shangazi alishika mdomo. Baba alisimama katikati ya sebule, na mguu wake ulikanyaga sakafu mara moja, kwa nguvu, kama mtu aliyechelewa kuona kitu barabarani.

"Nyumba yangu ilinipa tatu," alisema.

"Tatu, baba."

"Kwa nini hukuniambia huwezi? Usiku ule, mezani. Ningeumia, nikalala, asubuhi nikaamka. Mimi ni mtu mzima."

"Niliogopa kukuona unaumia."

"Ukaniacha nijisifu mtaa mzima kwa kura ya mtu niliyemkatalia uchumba." Alijifuta uso kwa kiganja. Hasira ilikuja ikapita usoni mwake na kuacha kitu kibaya zaidi, aibu. "Mpigie. Mpigie sasa hivi, waambie wageuze. Viatu vyangu viko wapi? Nitamwomba radhi mwenyewe. Jamani viatu!"

Indi aliikimbilia simu. Akakosea namba ambayo vidole vyake viliijua kuliko jina lake. Aliposikia sauti ya Brashi, na nyuma yake mngurumo wa gari, akaanza kucheka na kulia pamoja.

"Nimemwambia! Brashi, nimemwambia yote. Anataka mrudi. Anavaa viatu aje getini kuwapokea."

Mjomba aliuliza kitu, Brashi akamjibu kitu, halafu akarudi simuni.

"Nashukuru umemwambia," alisema. "Kweli nashukuru. Kwa ajili yako."

"Basi geuzeni."

"Nilipoulizwa pale, nilikutazama. Uliniona?"

"Nilikuona."

"Sikuwa namjibu baba yako, Indi. Nilikuwa nakupisha."

"Niliogopa. Sijui hata ile chai ilitoka wapi..."

"Najua uliogopa. Kampeni nzima uliogopa, na mimi nilikuwa nasema ni uchaguzi, utapita. Ukinikuta njiani ukiwa na watu wa Kengele, hunijui. Ukinikuta dukani peke yangu, unanipenda. Nikasema ni sawa, msimu ukiisha na hili litaisha. Leo hakukuwa na uchaguzi wowote. Tulikuwa sebuleni tu. Neno moja, mimi nikiwa nimekaa pale."

"Nimeshalisema sasa!"

"Umelisema nilipoondoka."

Hakuwa na hasira, na hilo Indi alilijua kwa jinsi alivyolitamka jina lake mara ya mwisho, polepole, kama anayeliweka mahali lisivunjike. Kama angekuwa na hasira, angejua pa kuanzia kumbembeleza.

"Mwambie mzee sina kinyongo naye. Ile kura nilimpa kwa moyo, asijisikie vibaya nayo."

"Brashi, nakupenda."

"Na mimi nakupenda. Ndiyo maana siwezi kurudi kukaa pale nikungoje tena."

Simu ikakatika. Indi alibaki nayo sikioni.

Baba alikuwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Nyuma yake mama alikuwa ameshaanza kufuta meza, akipanga vikombe upya.

"Vipi, wanarudi?"

"Hapana, baba. Wameshafika mbali."

Baba alichungulia barabarani, ambako vumbi la gari lilikuwa halijatua.

"Mbali wapi, mama? Si wametoka sasa hivi?"